Siku Niliyomaliza Kibuyu Midia

Arua, Desemba 1979

Binti yangu Roza,

Barua hii haina bahasha. Nitaikunja tu nimpe Mama Tabu, yule muuza samaki anayevuka mpaka kila wiki. Atakayeishika njiani asome, kisha aisogeze mbele ikufikie. Sina siri tena. Mji mzima unajua kwamba mzee huyu anaishi peke yake na kuku wake, na kwamba binti yake anamwita huko Ariwara, ng'ambo ya mpaka, naye haendi.

Umeshanitumia maneno mara tatu nihamie kwenu. Kila mara nimemjibu Mama Tabu, "Mwambie nitafikiri." Safari ya mwisho aliweka beseni chini, akanitazama vizuri, akasema, "Muzee, wewe iko nafikiri mpaka lini?" Nikajifanya nachagua samaki. Alipoondoka nilikaa nikajikuta nakumbuka ile siku ya Midia, na tangu hapo haijanitoka kichwani.

Unaikumbuka? Miaka ile maduka ya Arua yalikuwa matupu. Divai ya Meza ya Bwana, iliyokuwa ikija na lori kutoka Kampala, tuliisahau hata rangi yake. Mchungaji akasema kuna nyumba ya Wakongomani kule Midia, baba, mama na watoto wao, wanatengeneza divai ya nanasi na asali kwa mikono yao. Mzee mmoja wa kanisa aende aionje, kama inafaa. Wenzangu wote wakaangalia dari. Nikabaki mimi, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuweka pombe mdomoni isipokuwa tone la Meza ya Bwana. Mama yako alikuwa hai bado, akacheka akasema nisiende peke yangu nisije nikarudi naimba. Ndiyo maana ulikuja. Au ndivyo nilivyodhani.

Tulipanda lori la tumbaku mpaka Koboko, tukamaliza kwa miguu. Ulitembea mbele, na kila tulipofika njia panda ulijua pa kupita. Nami sikujiuliza umejulia wapi.

Papa Yoane, baba wa nyumba ile, alitupokea kama watu aliowangoja. Mitungi yake ilikuwa imezikwa ardhini mpaka shingoni, chini ya kibanda cha nyasi, midomo imefunikwa majani ya migomba. Alitueleza kazi yao: yeye anakata nanasi, mkewe anachuja kwa kitambaa, na mtoto wao mkubwa, Emanueli, ndiye anayetafuta asali na kubeba divai mpaka soko la Arua. Akachota kwenye mtungi wa kwanza, akanywa yeye kidogo mbele yetu, akanipa. Nikagusisha ulimi, nikainua uso juu nimeze. Mkewe akamgusa mumewe. "Angalia mutu wa kanisa, anaonja sawa kuku." Ulicheka mpaka ukajifunika uso kwa kitambaa. Divai ya mtungi wa kwanza ilikuwa changa bado, inachoma ulimi. Wa pili ulikuwa mtamu mno, waumini wangerudi kupanga mstari mara ya pili.

Kisha Papa Yoane akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo kilichosuguliwa kiking'ara. Alikishika kwa mikono miwili. "Hii njo ya nyumba yetu, muzee," akasema. "Kama unaona muzuri, kunywa."

Watu wote wakaacha kazi wakasogea karibu. Nikadhani ni heshima ya divai. Basi nikanywa, nikanywa mpaka chini, maana mimi nimelelewa kwamba ukibakiza kinywaji mbele ya aliyekupa umemdharau. Nikakigeuza kibuyu waone hakina kitu.

Vigelegele vilivyopigwa pale, Roza. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya ibada, "Asante. Hii iko muzuri kwa kanisa. Tutachukua." Mama wa nyumba akacheka mpaka akakaa chini.

Ni Papa Yoane aliyenishika bega akanieleza taratibu. Kwao, wanapomtaka binti wa mtu, hawaanzi na maneno mengi. Wanampa baba yake kibuyu cha nyumba. Akibakiza kidogo, maana yake anakwenda kufikiri. Akimaliza, amekubali. Nami nilikuwa nimemaliza mbele ya mashahidi, tena nimetoa hotuba. Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa unaangalia vidole vya miguu yako, na Emanueli alikuwa anaangalia vya kwake.

Njiani uliniuliza, "Baba, ulimaliza yote?" Nikasema, "Yote." Ukasema, "Basi," ukatangulia. Nikaona mabega yako yanatikisika kwa kicheko. Ningeweza kurudi Midia nikaeleza kwamba nimekosea, na Papa Yoane, kwa ungwana wake, angenielewa. Lakini nilikuwa sijakuona na furaha ya namna ile. Mama yako aliposikia habari alisema kosa hilo ndilo jambo la busara kuliko yote niliyowahi kufanya.

Mkaoana. Halafu vita vikaja kama vilivyokuja mwaka huu. Siku mliyopita hapa wewe na Emanueli mkikimbilia ng'ambo, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, ulisimama mlangoni ukasema, "Twende, Baba." Nikakujibu kwamba mtu lazima abaki alinde nyumba.

Nyumba ninailinda. Hakuna anayeitaka. Kule Arua Hill ofisi nyingine hazina hata milango. Vijana wa hapa mtaani Onduparaka waliokuwa wakinipigia kelele za mpira kila jioni wametawanyika, na mimi niliyekuwa nawagombeza sasa natega sikio. Kanisani tunajaa benchi mbili. Napika ugali wa kunitosha, na kila siku unabaki. Juzi nilipiga chafya, nikajiitikia mwenyewe "pole," nikaogopa kidogo.

Nikuambie ukweli kwa nini siji. Si nyumba, wala si kaburi la mama yako, ingawa nimemwambia Mama Tabu hayo yote mawili. Naona haya. Kwetu mzee hahamii kwa mkwe wake. Anakwenda kumsalimia, anapewa kiti kizuri, kuku anachinjwa, anaaga. Nimejiona kwenye kile kiti kizuri mwezi mzima, mwaka mzima, watu wakinyamaza nikikohoa, Emanueli akiinama kila anaponipita. Mgeni asiyeondoka. Nikaona afadhali upweke ambao ni wangu.

Lakini si afadhali, mwanangu. Nimeujaribu. Ni mbaya, na unazidi kila siku, na kuna mtoto huko ambaye sijui hata mmempa jina gani.

Mwambie Emanueli aje anichukue. Nimeshampa jirani kuku wangu wote, kwa hiyo asichelewe, maana sasa hata wao hawapo. Ila kile chumba ulichosema umekitenga kwa ajili yangu, mpe mtu mwingine. Nitandikie mkeka pale wanapolala wajukuu, katikati yao, na wakinipiga mateke usiku uwaache.

Ni mimi,
Baba yako