Mkomwe Umezaa Maskati

Maskati,
Jumamosi, baada ya alasiri

Bibi yangu Nasriya,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia na unalala vizuri. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila joto linatutoa jasho hata hatujafungua mlango. Mama anakusalimia, anauliza kama halua ilifika Unguja salama. Barua hii anaileta shangazi Lamya, nami nimemwapisha asiifungue njiani.

Bibi, nna khabari kubwa. Mkomwe umezaa!

Unakumbuka ulipotutembelea tukiwa wadogo, ulimpa mama komwe azipande, ukasema kwenu nyumba haikosi mkomwe, na kile kiini kichungu ndicho mlichopewa mkishikwa na homa. Mama alizifukia, akamwagilia mpaka akachoka. Hata moja haikuchipua. Baba akamwambia amepanda changarawe.

Iliyoota ni yangu. Wewe ndiye uliyetufundisha, mimi na Maan wa ami Marhoon, kuisugua komwe kwenye saruji mpaka ishike moto, halafu umchome mwenzio mkononi. Maan alinichoma nikalia. Nikamnyang'anya komwe yake, nikaisugua kwa hasira mpaka ganda likatoboka, nikaitupa kwenye chungu cha mrehani. Ikachipua! Kumbe lile ganda lilitaka kutobolewa tu, maji yaingie.

Basi ukapanda ukuta, ukapita dirisha la jikoni, ukashika waya wa dishi. Na miiba yake haichagui mtu. Ijumaa iliyopita watu wamekuja kula, ami Marhoon akapita kwenda kunawa, ukamdaka dishdasha mpya mgongoni, ikachanika mpaka kiunoni. Sisi tuliuma midomo tusicheke. Yeye akasema mti gani huu unaovamia watu kama mwizi, uletwe msumeno leo hii hii. Baba hakuweza kumkatalia kaka yake. Mama akainama. Maan alikwisha kwenda gereji kuutafuta huo msumeno, tena mbio.

Bibi, mimi unanijua, wageni wakija najificha jikoni. Lakini nilisimama mlangoni, nikasema usikatwe. Nikamwambia ami kuwa kila Ijumaa anatulalamikia mbuzi wa jirani wanaomaliza shamba lake la Qurayyat, na seng'enge wanaipenya. Sasa mti uliomshika yeye, mtu mzima, mbuzi ataupenya vipi? Nikasema maganda yamekwisha kauka, mbegu zipo, na mimi najua namna ya kuziotesha.

Watu kimya. Hata vijiko vilisimama. Halafu ami akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa, akasema wallahi mtoto huyu kanifunga mdomo, na anataka miche ya kuzunguka shamba zima. Maan akarudi na msumeno wake, akaambiwa aurudishe, aje akae chini asugue komwe. Akasugua mpaka magharibi, vidole vyekundu! Nilimpelekea maji ya baridi, lakini polepole.

Sasa Bibi, nikwambie lililonifanya nichukue karatasi. Maneno yale yote niliyasema kwa Kiswahili. Ndiyo maana walinyamaza. Hapa nyumbani wakubwa wanakizungumza, mimi nawajibu kwa Kiarabu; hakuna aliyewahi kunisikia nikivuka "ndiyo" na "ahsante". Ukipiga simu ulikuwa ukisema masikini mtoto huyu hana lugha, na mimi niko pale pale nasikia. Lugha nilikuwa nayo, Bibi. Nilikuwa na haya. Nilijaribu mara moja, Maan akaniiga sauti, watu wakacheka, nikafunga mdomo. Skuli ni Kiarabu na Kiingereza, sina pa kuzoezea ulimi. Basi kila alasiri nikiumwagilia mkomwe nazungumza nao. Nimeusimulia khabari zote za nyumba hii, na maneno yako ya kwenye simu nimeyarudia mbele yake mpaka yakanyooka. Haukunicheka hata siku moja. Ningeachaje ukatwe?

Na barua hii hakuna aliyenisaidia.

Ndani ya bahasha utakuta komwe za mwanzo za Maskati. Zitie kwenye bao lako, na ukiwafunga wenzio waambie kete zimetoka kwa nani. Nisalimie majirani wote, na paka.

Ukipiga simu Ijumaa, usimuulize mama khabari zangu. Mwambie anipe simu, nitakupa mwenyewe.

Mjukuu wako akupendaye sana,
Bashayer