Sifa za Diwani

Pumwani, Nairobi
Machi 1979

Dada yangu Wangeci,

Viazi ulivyotuma vilifika salama, na bado tunavila. Binti yako Warigia hajambo, ila alikuwa ameacha kwenda shule. Vijana wanaoshinda pale Soko la Burma walimrushia maneno machafu, wakamshika, wakamrarulia sketi. Sketi nimeishona. Hasira bado ninayo.

Sisi akina mama wa kanisa tulimwendea diwani, tukamwomba apeleke hoja barazani, iwe kosa kuwasumbua wasichana njiani. Alicheka. "Wanawasifu tu. Mnataka kushtaki sifa?"

Basi Jumapili tukamngoja hapo Burma, anapokulaga nyama choma, na vitambaa vyetu vyeupe vya kanisani kichwani. Alipotokea, Mama Okoth akapiga mluzi. "Wewe kitambi, hebu geuka tukuone!" Mimi nikamvuta koti. Tulimfuata hadi kwenye gari lake tukimwambia kila neno aliloambiwa Warigia. Wale vijana waliinamisha macho.

Akamwita askari aliyekuwa akipita. "Mmemfanya nini mheshimiwa?" askari akatuuliza.

"Tunamsifu tu," nikajibu.

Askari akakuna kichwa, akasema haoni sheria tuliyovunja.

"Basi itungwe!" diwani akafoka. Mama Okoth akatoa kikapuni karatasi ya ombi letu, na diwani akatia sahihi palepale, mbele ya watu wote.

Usinikanye, dada. Warigia amerudi shuleni. Nasi Jumapili tunarudi Burma kumsifu tena, maana sheria bado haijapita.

Mdogo wako,
Wacera