Maneno ya Mzungu Niliyoyafuta

Bi Saado mpendwa, assalamu alaykum, nakuandikia kutoka Iftin hapa Garissa, nisaidie dada yangu maana Ijumaa nasimama mbele ya wazee. Nina duka la kupiga chapa na kompyuta moja, na mwaka jana rafiki aliniletea kutoka Nairobi disketi yenye programu ya kupanga zamu, ya bure kabisa, na ukiifungua yanatokea maneno ya Kiingereza ya Mzungu aliyeitengeneza, kwamba tumia, nakili, badilisha, mpe umtakaye, mradi usiondoe jina langu na maneno haya, nayo naitoa kama ilivyo, bila dhamana, ikikuletea hasara mimi simo. Sasa mimi nikaona mteja gani atasoma hivyo anipe kazi, nikayafuta yote, na jina lake pia, nikaandika “Kazi ya Ramlo, Imehakikishwa”, na kiangazi hiki kamati ya kisima cha nje ya mji ikanipa kazi ya kupanga zamu za kunywesha mifugo. Wallahi sikujua programu inasoma majina mawili tu, la mtu na la babake, nawe unajua kwetu Wasomali bila jina la babu hujamtaja mtu, basi ikawaona Abdow Salat Dahir na Abdow Salat Hanad ni mtu mmoja, ikamtoa wa pili. Mlinzi wa kisima akamrudisha Abdow Salat Hanad, akamwambia karatasi imehakikishwa, wewe humo, na ng’ombe wake wakafa kwa kiu huku wanasikia maji yakimwagika. Adeer Kulow, ndugu wa baba, anasema nikipatikana na kosa ukoo wetu mzima utalipa mifugo, kwa hiyo niyarudishe yale maneno, niyachapishe, niwaonyeshe wazee kwamba hakuna aliyeahidi kitu. Bi Saado, huo ni uongo kweli, na maneno yalikuwepo?

Ramlo, Iftin

Ramlo, pole mdogo wangu, na pole zaidi kwa Abdow. Sasa nisikilize.

Yalikuwepo, ndiyo, na ukayafuta kwa kidole chako mwenyewe. Leo unataka kujificha nyuma ya mtu uliyemfuta jina? Ebo! Yule alikupa kazi yake kama mtu wa kwetu anavyomwazima jirani ngamia wa maziwa: kamua, unywe, usinilipe, ila akikupiga teke usinidai. Onyo lake halikuwa tusi. Alikuambia siwajui watu wako, ijaribu kwanza. Ungeijaribu kwa majina ya Garissa, kosa ungeliona siku hiyohiyo.

Na hata ungeyaacha, yangemlinda yeye, si wewe uliyechukua kazi ya kamati. Adeer Kulow anakutakia mema, mheshimu, lakini hapa usimfuate. Ukiwaonyesha wazee karatasi hiyo, lawama itamwangukia mlinzi, ambaye kosa lake ni kukuamini. Utalalaje?

Rudisha maneno yote kwenye programu leo, na jina la mwenyewe, kwa kuwa ni haki yake, wala usiyapeleke kwa wazee kama utetezi. Chini yake yaeleze kwa Kisomali, kamati ielewe inachopokea. Ameruhusu kubadilisha, basi ongeza nafasi ya jina la babu.

Halafu usingoje Ijumaa. Mwombe adeer akusindikize kwa Abdow, na useme wewe, si yeye: “Niliwahakikishia watu kitu ambacho aliyekitengeneza hakuthubutu kukihakikisha, na ng’ombe wako wamekufa kwa sababu yangu.” Kisha msikilize mpaka amalize.