Yule Mama Anayelia Kwenye Simu

Jumatatu, 3 Februari

Mihogo jikoni, kisha madrasa ya watoto mpaka saa nne. Binti yangu Mwanamisi anauza bajia barazani. Kimya, kama alivyo tangu hoteli za Diani zilipomnyima kazi.

Nimeanza kutayarisha darsa ya kina mama ya Alhamisi. Mada: jihadi ya nafsi, mtu kupambana na matamanio yake. Nimeyaandika maneno hayo kwenye simu nitafute vitabu. Ikafunguka video, mama mmoja analia. Mwanawe alitoroka akajiunga na wapiganaji, hakurudi. Chini yake namba ya kupiga "ukisumbuliwa na mawazo". Mimi! Nimefunga.

Jumanne, 4 Februari

Mara tatu nimejaribu. Mara tatu yule mama.

Nimemwomba Mwalimu Mueni wa chekechea aandike maneno hayo hayo kwenye simu yake. Mtu wa Machakos, Mkristo. Kwake: vitabu, tafsiri, darsa za masheikh, ukurasa mzima. Kwangu: kilio na namba.

Nimeduwaa. Mueni anasema labda wanachuja watu wasiingie kwenye ugaidi. Ungo gani huo unaompitisha Mueni ukanizuia mimi? Miaka ishirini na mbili nafundisha Kurani hapa Munje. Nani kampa mtu wa mbali, asiyenijua, ruhusa ya kuniamulia nisome nini, tena kimyakimya? Madhalimu!

Jumatano, 5 Februari

Ukunda, kwa Bakari, mtoto wa kaka yangu, fundi wa simu. Shikamoo yake, kisha swali: "Shangazi, akaunti hii mnaitumia wangapi? Majibu hufuata yale yaliyotafutwa."

Peke yangu, nimemwambia. Halafu nikakumbuka. Siku niliponunua simu sikuwa na barua pepe. Mwanamisi aliniwekea yake, ile anayoitumia kwenye simu yake.

Bakari amefungua orodha ya yote yaliyotafutwa. Akanipa simu, akatoka nje.

Si maneno yangu. Saa tatu asubuhi, siku baada ya siku, nikiwa madrasa. Kama mwanamke hupokelewa huko kwa wapiganaji. Njia ya kuvuka mpaka. Kama ni dhambi kuondoka bila kumuaga mama.

Bila kumuaga mama.

Nilikaa sakafuni, wateja wakinipita.

Alhamisi, 6 Februari

Darsa nimeiahirisha. Nimesema naumwa. Ni kweli.

Mashine ilijua. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikujua. Nilidhani ni kununa tu, kazi ikipatikana kutakwisha.

Nimemuuliza. Hakukana. Kuna mwanamke anayemwandikia, amemwahidi mume na heshima. Nilitaka kumpiga. Nikalia badala yake.

Anasema kila alipouliza njia, alitokea yule mama. Mwanzo alimtukana. Juzi akamsikiliza. "Leso yake kama yako, mama." Basi.

Ijumaa, 7 Februari

Bakari amepiga simu. Anaweza kufuta orodha yote na kunifungulia akaunti yangu, nipate vitabu vyangu. Nimemwambia anifungulie yangu. Ile ya Mwanamisi asiiguse.

Kisha nimeona haya. Jumanne niliwaita wenye mashine hii madhalimu, leo naomba waendelee kumfichia mwanangu ile njia. Na bado ni madhalimu. Kesho watamfichia mtu mwingine haki yake, naye hatajua. Lakini wangempa alichouliza, leo ningekuwa natafuta picha yake niipeleke polisi. Sijui niwashukuru au niwalaani. Nimeswali sikujua niombe nini.

Jumapili, 9 Februari

Mwanamisi amemfungia yule mwanamke asimwandikie tena. Amefanya mbele yangu, sikumwambia.

Tumekaa barazani tukimenya viazi. Nimemwomba simu yake, nikaandika maneno yangu: jihadi ya nafsi. Yule mama akatokea. Safari hii sikumfunga.

Kumbe mwishoni halii. Anasimulia siku mwanawe alipoondoka. Alikuwa amepika mihogo ya nazi. Sahani ya kijana aliifunika mpaka ikachacha.

Mwanamisi aliweka kisu chini. Akaingia jikoni, akapakua mihogo iliyobaki asubuhi, akaja kukaa karibu nami. Ameila yote.