Duara la Jua Sakafuni

Mwanangu Neema,

Barua hii naiandika wazi, asome yeyote anayetaka. Shangazi yako amenipigia kutoka huko Kinshasa kuniambia unataka kuacha fizikia. Nilipomuuliza sababu akasema, "Kaka, sababu unaijua weye mwenyewe." Simu zangu wewe huzipokei. Nikaelewa.

Unakumbuka zile siku tulizojifungia ndani, risasi zikipita juu ya mtaa? Mama yako aliegemeza godoro dirishani, tukalala kwenye saruji pamoja na majirani waliokimbilia kwetu. Adhuhuri moja kulitulia. Bati lilikuwa limetoboka, na jua lilipita kwenye tundu moja likaweka sakafuni duara dogo, ukubwa wa kizibo cha chupa.

"Papa, juu ya nini iko muviringo?" ukauliza sababu, ukilionyesha lile duara.

"Juu tundu iko muviringo," nikajibu, bila hata kuinua kichwa.

Ukapanda juu ya meza. "Hapana, Papa! Tundu iko murefu, sawa punje ya muchele!"

"Shuka! Nimesoma vitabu mbele uzaliwe!"

Mama yako akacheka. "Muzee, leo mutoto amekushinda." Nyumba nzima ikacheka, mara ya kwanza tangu milio ianze, na kicheko kile kikanichoma. Ndipo nikakuambia, mbele ya wote, kwamba mtu mwenye maswali ya kijinga hafiki mbali katika sayansi.

Mimi! Mimi niliyegombana na wahubiri wa mtaa wa Birere wanaowauzia watu mwisho wa dunia, na walimu wanaokaririsha kanuni wasizozielewa. Swali la kweli liliingia nyumbani kwangu, nikalifokea.

Ulichukua daftari, ukaliweka chini ya ule mwanga, ukaanza kuliinua polepole kuelekea paa. Duara likapungua, na karibu kabisa na bati likawa refu na jembamba, kama punje ya mchele. Niliona vizuri. Nikajifanya nimelala.

Nilihangaika wiki nzima na vitabu vyangu kabla ya kulipata jibu, na sikukupa. Lichukue sasa. Jua si nukta, lina uso mpana, wa duara. Kila sehemu ya uso huo hutuma mwanga wake kwenye tundu, nao hupita umenyooka: wa juu huangukia chini, wa kushoto huangukia kulia. Kila sehemu huchora sakafuni alama yenye umbo la tundu, lakini alama hizo ni nyingi mno, zinapandiana, na zikikusanyika zinafuata umbo la jua lenyewe. Karibu na bati mwanga haujapata nafasi ya kutawanyika, kwa hiyo pale ulikuwa unaliona tundu. Sakafuni tulikuwa na picha ya jua, imepinduliwa, bila kioo wala mashine. Ni wewe uliyeigundua, si mimi.

Uliondoka ukiwa na paspoti yako mpya, tukaagana kwa kupeana mkono kama watu wa ofisi. Mimi nimebaki. Tangu mji utekwe, uwanja wa ndege umefungwa, na njia iliyobaki hupitia nchi jirani. Paspoti yangu imekwisha muda, na hapa hakuna wa kunipa nyingine. Hata kubishana kumekwisha: watu siku hizi hutazama kwanza nani amesimama nyuma yao, ndipo wakujibu, tena kwa kuitikia tu. Basi nakaa kwenye saruji na kulitazama lile duara. Kila dakika mbili hivi linahama upana wake wote, kwa sababu dunia inageuka pamoja na nyumba na mimi ndani yake. Nabebwa kwa mwendo huo, na bado siwezi kufika Kinshasa.

Jana nilimwambia mama yako kwamba nitakutumia ujumbe wa siri. Akakataa. "Ulimutukana mbele ya watu. Umuombe musamaha mbele ya watu."

Nisamehe, Neema. Sikuombi urudi, hapa usirudi sasa. Kama umeichoka fizikia kwa sababu zako, iache, nami nitanyamaza, ingawa unajua kunyamaza ni adhabu gani kwangu. Lakini kama unaiacha kwa sababu ya sauti yangu ya siku ile, ujue kwamba ilikuwa sauti ya mtu asiyejua jibu.

Ni mimi,
Papa yako