Milioni Moja na Tatu

Beni, 9 mwezi wa pili 2001

Shemeji Jéthro,

Huku tuko wazima kidogo. Maharage ya shamba letu la Mulekera yamechanua, na mutoto wetu Solange ameota meno mawili.

Unajua vile ndugu yako Gamaliel, bwana yangu, alipenda hesabu. Tangu masomo yafungwe, alitafuta kama kuna namba yenye inagawa milioni moja na tatu bila kubakisha kitu. Alijaribu kwa mukono, moja moja, mu kaye, ile daftari yenye alitembea nayo. Wiki jana tulitoka shamba, na kwenye barrière yenye inafunga njia baaskari bakaifungua ile kaye.

“Hii ni code ya adui,” mukubwa wao alisema.

“Hapana, chef, ni hesabu. Miye ni mwalimu.”

“Hesabu ya nini?”

“Ya kujua tu.”

Ile jibu ndiyo ilimuua, shemeji. Balimupiga risasi mbele yangu, kisha bakanitupia kaye.

Alikuwa amefika 613. Niliendelea miye, sababu machozi yalikataa kutoka. Alinifundishaka kwamba unajaribu tu namba zenye hazigawanyiki, na ukipita elfu hakuna haja ya kujaribu tena. Nikafika 997, ya mwisho, ikabaki kumi na mbili. Hakuna yenye inaigawa, isipokuwa moja na ile namba yenyewe. Nilisimama niende kumuambia, nikafika mpaka mulangoni.

Barabara ya Butembo ilifungwa, donc tulimuzika bila nyinyi. Mama yenu umwambie wewe, pole pole, akiwa ameketi. Miye nimeshindwa kumuandikia.

Shemeji yako mwenye amebaki,
Eliane