Oili Nzito ya Difu

Jumanne, 3 Agosti 1993

Nimezunguka maduka ya spea tangu asubuhi. Zamani oili ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, ilikuwa moja — ipo au haipo, basi! Sasa ruksa, kila mtu alete atakacho: makopo saba, hili limechorwa simba, lile radi. Muuzaji ananiuliza nataka uzito namba ngapi. Mimi! Niliyetoa lori Lusaka kwa gia mbili, nyingine zimekufa.

Alhamisi, 5 Agosti

Fundi Hanifu kalala chini ya Kresida yangu, katoka na hotuba. Ati difu hii ina klachi ndani, ili magurudumu yote mawili yasukume pamoja. Inataka oili yake maalumu, itafika kutoka Dar wiki ijayo. Wiki ijayo! Jumamosi nashindana na jirani yangu Elieza na kile kidatsun chake, barabara ya Nzuguni. Jumapili nampeleka Stara, binti ya dada yangu Zuleha, harusini kwa mumewe, kijiji cha Haneti. Gari ni hiyohiyo moja.

Nimechovya kidole kila kopo, nikasugua. Nimechukua nzito kuliko zote. Inavutika kama mlenda! Hanifu kakataa kuimimina. Nimemimina mwenyewe. Fundi mzima anaogopa oili.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimemshinda! Kwa urefu wa gari tatu — tuseme nne. Elieza kasema sawa, nimeshinda, ila difu inalia. Nikamjibu inamcheka yeye.

Kurudi, kila kona nyuma inagonga. Mchanga tu. Zuleha kauliza mbona gari inanuka, na si niliahidi haitakimbizwa kabla ya harusi? Nikasema ni joto la Dodoma. Kaniangalia, kaingia ndani.

Jumapili, 8 Agosti

Naandika nikiwa kwenye usukani. Porini. Haneti bado mbali. Gurudumu la nyuma limekaza, halizunguki, moshi unatoka chini. Mwantum, somo aliyemfunda bibi harusi, kaacha kuimba.

Nimewaambia ipoe kidogo, gari za Japani ndivyo zilivyo. Elieza alikuwa nyuma yetu, kabeba ngoma na sanduku la Stara. Kashuka, kachungulia chini, karudi kwenye gari lake.

Stara kafunua ushungi.

"Mjomba, wananingoja tangu adhuhuri. Nihamie kwa Elieza?"

Najifanya naandika namba ya difu. Huko nyuma Elieza anashusha ngoma moja moja, anapangusa kiti kwa shati lake. Hajacheka hata kidogo. Angecheka, ningejua la kumwambia.